Ni kushikia bango

Ukitafuta msemo wa mtu asiyeacha kurudia jambo lake moja katika kila mazungumzo, neno ni "kushikia bango". Mtu ambaye mkizungumza mpira, harusi au bei ya sukari, yeye anarudi kwenye ule mgogoro wake wa shamba, huyo kalishikia bango. Ndivyo tulivyokua tukisema nyumbani, na kwenye magazeti ya Tanzania utayakuta maneno hayo kila mara: wabunge wamelishikia bango suala fulani. Picha yake ni ya muandamanaji aliyeinua bango juu na hataki kulishusha.

"Kulivalia njuga" ni jirani yake tu, mimi nisingeitumia hapa. Njuga ni vile vikengele ambavyo mchezaji ngoma huvaa miguuni, kwa hiyo anayelivalia njuga jambo ameingia uwanjani kulishughulikia kwa nguvu zote. Mara nyingi hiyo ni sifa. "Kupigia debe" ndiyo iko mbali kabisa, maana hiyo ni kumnadi mtu au kitu ili kikubalike.

Ila angalia, kushikia bango peke yake si tusi. Anayedai haki yake bila kuchoka naye ameshikia bango, na tunamshukuru. Ukitaka ile lawama ya kuwachosha watu, sema "ameshupalia", au "wimbo wake ni huo huo". Hii ya mwisho hata mtoto anaielewa, na haihitaji maelezo.