Kabla Injini Haijawashwa: Kwenda Kuvua na Wenzako Ziwa Victoria

Wengi wanaoniuliza habari za kwenda kuvua visiwani huanza na vifaa: fimbo gani, mshipi wa unene gani, chambo cha bandia cha kuelea au cha kuzama. Nawajibu. Kisha na mimi nawauliza: unakwenda na nani, na mmekubaliana nini? Nimekuwa nikitoka Mwanza na wenzangu kwenda kuvua kwa ndoano tangu mwaka 2011, na katika safari zilizotuharibikia sikumbuki hata moja iliyoharibiwa na fimbo. Ziliharibiwa na mambo ambayo tungeyamaliza kwa dakika kumi pale mwaloni, vyombo vinapotia nanga, injini ikiwa bado imezimwa.

Lililonifunza zaidi lilitokea upande wa kisiwa cha Kome, mwezi wa Machi. Tulikuwa watano, nahodha wa sita. Saa tisa alasiri sangara ndiyo kwanza walikuwa wameanza kula. Upepo ulikuwa umekata kabisa, maji yametulia kama mafuta, na wingu jeusi limekaa chini kabisa, limegusana na ziwa. Nahodha wetu, mzee aliyezaliwa kisiwani humo, alisimama akageuza uso huku na huku. Nami nikahisi ubaridi shingoni, ule unaokuja ghafla kama mtu amefungua mlango. "Vijana, kunjeni mishipi," akasema.

Mmoja wetu alikuwa amesafiri kutoka mbali na hajapata hata kitoweo. Akamwambia, "Mzee, tupe nusu saa tu." Sisi wengine tukanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikomponza mzee. Tuliolipa ni sisi, na yeye hakutaka kukosana na wageni wake. Nusu saa haikuisha. Mvua ilikuja imelala, mawimbi yakaanza kuingia kwa ubavuni, tukawa tunakumba maji kwa ndoo ya chambo na sufuria ya ugali. Injini ilizimika mara mbili. Tulitia nanga saa mbili usiku kwenye mwalo ambao si wetu, fimbo mbili zimekwenda na maji, na yule rafiki yetu akakaa mchangani muda mrefu bila kusema neno. Sikumlaumu yeye peke yake hata siku moja. Mimi ndiye niliyeandaa safari, na mimi ndiye niliyepaswa kusema "haya mzee, twende."

Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda chombo, nasema mbele ya wote na nahodha akisikia: yeye akisema turudi, tunarudi, na hakuna wa kujibu. Pia namtajia malipo yake pale pale, kwamba ni yale yale hata tukirudi saa nne asubuhi tukiwa mikono mitupu. Usilipuuze hili la pili. Nahodha anayelipwa kwa saa, au anayetegemea bakshishi ya samaki mkubwa, umemtia kwenye mtihani bila kukusudia. Mwondolee, na macho yake yatabaki kwenye wingu.

Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ukiwa katikati halina tofauti na bahari. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapasha ardhi unageuka na kuvuma kutoka ziwani, na mawimbi ya alasiri ndiyo hayo. Dhoruba za radi hupenda zaidi usiku kuelekea alfajiri. Kwa hiyo sisi hatuondoki gizani hata kama wavuvi wa dagaa wanaondoka. Wao wana kazi yao na uzoefu wao. Sisi tunasubiri kupambazuke tuone anga lote, na saa nane mchana tunataka tuwe tumeshaukaribia mwalo. Petroli tunaigawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu haliguswi.

Idadi ya watu nayo haijadiliwi. Mwanza hatuhitaji kukumbushwa meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wala kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, vyote vikiwa vimezidisha watu. Kwa hiyo binamu wa mtu akitokea asubuhi na begi lake mgongoni, na chombo ni cha watu sita, anabaki, na tunamwambia kwa upole. Jaketi okozi linavaliwa mwilini, na kamba zake zinafungwa. Nimeona watu wazima wakilikalia kama mto. Zima simu, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, na uache nchi kavu mtu anayejua mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Mwambie pia kwamba namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Sasa samaki, maana hapa ndipo urafiki unapopimwa.

Wasio wa kanda hii huenda hawajui kwamba tumboni mwa sangara mna bondo, mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea, na kwamba bondo hilo likikaushwa linauzwa nje, hasa China, kwa bei ambayo nyama haiikaribii. Marafiki zangu wawili waligombana kwa ajili ya bondo moja. Mmoja ndiye aliyenasa samaki, mkono ukamchoka, mwenzake akaipokea fimbo na kumaliza kazi. Mwaloni wanunuzi wakawazunguka, bei ikatajwa kwa sauti, na watu wawili waliosoma shule moja wakaanza kuhesabiana dakika za kuvuta mshipi. Walichukua zaidi ya mwaka kusalimiana vizuri tena.

Siku hizi bondo ni la nahodha na msaidizi wake, lote, na linatajwa kabla ya safari. Nyama tunaikata mafungu sawa kwa idadi ya watu. Mmoja anageuka na kuyapa mafungu kisogo, mwingine anagusa fungu na kuuliza, "La nani hili?" Aliyegeuka anataja jina. Bibi zetu waligawa nyama hivyo hivyo, na sijawahi kusikia mtu akilalamikia fungu lake. Gharama nazo tunazigawa sawa, mafuta, chakula na chombo, na zinakusanywa siku tatu kabla ya safari. Anayesema "nitakupa tukirudi" nimejifunza kumsubirisha mpaka safari nyingine.

Si kila samaki anayenaswa anapanda chomboni. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi, kwa hiyo tumechora vipimo hivyo kwa rangi kwenye ubao wa kukalia, mtu anamlaza samaki pale na ubishi unaisha. Ukitaka kumrudisha akiwa hai, lowesha mikono kwanza. Usimshike mashavuni: mfuniko wa shavu la sangara una miiba na ukingo mkali, na nina kovu kwenye kidole cha shahada kama ushahidi. Mshike taya la chini kwa glovu, mwili wake ukiwa bado majini, mwelekeze mbele, subiri mkia uanze kusukuma wenyewe. Jua la asubuhi likiwa bado chini macho yake hung'aa rangi ya dhahabu, na kwa sekunde chache kabla hajazama utamwona anakutazama. Aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hufika tumbo limevimba hewa na hawezi kuzama tena. Huyo, kama ametimiza kipimo, ni wa kula, hata kama ulipanga kumrudisha, na mkishapata wa kutosha ondokeni penye kina kirefu. Kuna wanaoniambia sangara ni mgeni tu, aliletwa ziwani na watu miaka ya 1950 na 1960 na akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, kwa nini tumwonee huruma? Nakubali madhara aliyoyafanya. Ila mtoto wa samaki nisiyemhitaji sioni sababu ya kumwua.

Kuhusu bunduki nitasema kidogo. Kila baada ya safari mbili tatu hujitokeza mwenzetu anayetaka kuichukua, "tukakute bata." Mimi siendi naye. Uwindaji una leseni yake chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, silaha ina kibali chake, na uvuvi una sheria yake ya mwaka 2003. Anayetaka kuwinda afuate njia hiyo, kwenye eneo linaloruhusiwa, na wenzake wa uwindaji. Mtumbwi unaoyumba wenye watu sita, ndoano, na bunduki iliyojaa si mahali pa kujifunzia. Na nyama pori usiyojua ilikotoka, hata ukikaribishwa kambini kwa moyo mweupe, shukuru na kula dagaa.

Kama kundi lenu limeshazoeana na mnataka pori lenyewe, wekeni akiba mwende kisiwa cha Rubondo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hakuna tena kusubiri kivuko pale. Unapita Sengerema na Geita mpaka Nkome, kisha boti. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina nzohe (swala wa kwenye maji na matete), tembo, viboko, mamba, na sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969. Taratibu na ada za uvuvi ziulizeni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla hamjanunua hata ndoano. Kule nimeenda mara moja tu, na ninachokikumbuka kuliko samaki ni sauti ya furukombe, yule tai mla samaki, alfajiri, na sisi watano tumeshika vikombe vya chai tusijue wa kuongea kwanza.

Kwenye mialo ya kawaida, mgeni ni wewe. Ukifika, kabla ya kufungua begi, nenda kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa mwalo, salimia, jieleze. Kwa Wasukuma "mwangaluka" ya asubuhi inafungua milango ambayo pesa haifungui. Msipite juu ya nyavu za watu. Usiku wa giza mtaona taa za dagaa zimejipanga ziwani kama mji mzima. Kaeni mbali nazo, ule ni mshahara wa watu. Na mahali mliponasa samaki mkubwa ni pa nahodha. Mwenzetu mmoja aliwahi kurusha picha mtandaoni pamoja na jina la mwamba wenyewe, na wiki mbili baadaye mzee akakuta vyombo vitatu vya wageni vimetia nanga hapo. Hakutulalamikia. Alituuliza tu kwa nini, na sikuwa na jibu la kumpa. Sasa picha zetu zina samaki na nyuso, na nyuma yake maji tu.

Msioge kwenye matete, kwa sababu ya mamba na kwa sababu ya kichocho. Mliolowa, baada ya wiki sita hadi nane nendeni mkapime. Dawa ipo na inafanya kazi.

Kuna mzee mmoja wa Kirumba, Mwanza, aliyekuwa nasi safari zote za mwanzo. Ndiye aliyenifundisha kufunga ndoano ya sangara, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yake, akiuloanisha mshipi kwa mate kabla ya kukaza fundo. Mgongo ulimkataza mtumbwi miaka sita iliyopita. Basi tunapogawa mafungu tunahesabu la kwake pia, na kichwa cha samaki mkubwa wa siku ni chake, kwa sababu anapenda mchuzi wa kichwa kuliko minofu. Tunampelekea jioni ile ile, bado tunanuka petroli, hata kama ni saa nne usiku. Mkewe anapokea beseni, yeye hata halitazami. Anavuta kiti, anatuelekeza tukae, na swali lake ni lile lile kila mara: "Alikula wapi?" Hapo huanza mmoja wetu, mwingine anamsahihisha, na yeye amefumba macho, kidole kinachora kwenye mkono wa kiti: mwamba uko hapa, upepo ulitoka huku, chombo kilikaa hivi.