Kabla ya Kuzungushia Mwamba Uzio

Anayetaka kulinda eneo la kale kijijini kwa kawaida huanza kuulizia bei ya nyavu na nguzo; mimi humshauri aanze na wazee. Vilima vya Kondoa, mkoani Dodoma, vina michoro myekundu ya wanyama na ya watu warefu wembamba, na pengine juu yake michoro myeupe ya wakulima waliokuja baadaye. Ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, na mwaka 2006 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Baadhi ya mapango yaliwahi kujengewa vizimba vya nyavu, ambazo wananchi walizing'oa kwa matumizi yao, jambo lisilonishangaza, kwa kuwa uzio uliowekwa bila ridhaa ya anayepanda kilima kuomba mvua ni waya tu machoni pake.

Mungomi wa Kolo, mojawapo ya mapango hayo yenye michoro, bado ni mahali pa tambiko, na pombe inayorushwa ukutani huharibu rangi. Katika kamati yetu ya kijiji wapo waliotaka tambiko la namna hiyo lipigwe marufuku. Nilipinga, kwa sababu lingehamia usiku, pasipo macho ya mtu. Tuliwaomba wazee wenyewe wachague mahali pa kumwaga pombe, mbali na ukuta, na wao ndio wakawa wakali zaidi kuliko mgambo yeyote.

Wapo pia wanaochimba sakafu za mapango wakitafuta mali inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Udongo huo ndio wenye zana za mawe na majivu yanayowasaidia wataalamu kukadiria umri wa makazi, na ukishapinduliwa haurudishiki. Mgeni mwenye sururu aripotiwe mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo.

Jambo gumu zaidi ni miti. Msitu unaozunguka miamba huikinga michoro dhidi ya upepo, jua na mvua, lakini wanaokumbuka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulioanza mwaka 1973 na kufikia kuondoa mifugo katika ardhi iliyomomonyoka mwaka 1979, wakisikia habari za hifadhi hujiuliza kwanza ng'ombe watakwenda wapi. Wana haki ya kuuliza. Kwa hiyo mpango wa matumizi ya ardhi uoneshe malisho na njia za mifugo kabla ya kugusa mlima, kisha mkutano mkuu wa kijiji utenge msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, pamoja na sheria ndogo zinazopitishwa na halmashauri ya wilaya.

Kuhusu wageni sina mengi: asiruhusiwe yeyote kumwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha, hata akiahidi bakshishi nono.