Jodari wanaruka lakini hawali: punguza manyoya

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kwa nini jodari wanaruka pande zote za ngarawa yako hapo Nungwi, na chambo chako chekundu cha manyoya hawakigusi. Kwa ulivyokieleza, urefu wa kiganja kizima, tatizo naliona hapo hapo.

Jodari huwinda kwa macho. Akishaingia kwenye dagaa wadogo, mara nyingi hutafuta kitu cha ukubwa ule ule na kikubwa hukipita. Basi kabla ya kutupa mshipi watazame dagaa wanaoruka, au mpasue tumbo samaki wa kwanza uone kala nini. Kisha funga manyoya meupe ya kuku, machache, yasizidi urefu wa kidole, kwenye ndoana ndogo. Wavuvi wa trauti katika mito ya Mlima Kenya hufanya vivyo hivyo: hufunga manyoya kwa umbo na ukubwa wa mdudu anayeliwa siku ile.

Na hili nakuomba sana: ukirambaza, yaani ukivuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, usipite katikati ya kundi. Watapiga mbizi wote, na wenzako watakosa pia. Zunguka ubavuni, mshipi uwe mrefu, pima 15 (kama mita 27) au zaidi, ili chombo kibaki nje na chambo ndicho kikate ukingo wa kundi.

Waya kati ya mshipi na ndoana tia ukimlenga nguru tu, kwa ajili ya meno yake. Maji yakiwa maangavu, jodari akiuona hukataa.