Usichapishe kijitabu hicho cha baba bado

Usimpe ami yako kalamu. Umeandika kwamba arobaini ya baba yako ni wiki mbili zijazo, kwamba mtatoa kijitabu cha kumkumbuka kama mfanyabiashara, mwanamichezo na baba aliyewapenda wanawe, kwamba ami atasimulia na mwandishi wa kulipwa ataandika, kisha unauliza tu zichapishwe nakala ngapi, iwekwe picha ipi, na lugha iwe Kiswahili au Kiingereza. Mwili ulinisisimka niliposoma, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, hatua kwa hatua, mpaka huyo ami.

Marehemu baba yangu aliuza leso katika Mtaa wa Biashara hapa Mombasa. Wateja wake wakubwa walikuwa akina mama wa Likoni, Kisauni na hata Malindi, waliochukua mzigo kwa korija, wakauza jozi moja moja majumbani, kisha wakaleta fedha kidogo kidogo. Yote hayo yalikuwa ndani ya daftari moja lenye jalada jeusi, ambalo alilifunga kwa ukingo wa leso uliokatika. Alipofariki, daftari lile ndilo lililokuwa duka. Kwenye rafu hakukuwa na mali ya kutosha hata kumvalisha bibi harusi mmoja na mashoga zake.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Ami alimweleza mwandishi kwamba baba aliwahi kumsamehe deni mama mmoja ambaye nyumba yake iliungua pamoja na mzigo wote. Hilo lilikuwa kweli, na hata mimi nalikumbuka. Mwandishi akaondoka na kisa hicho, akarudi na sentensi hii, ambayo nimeihifadhi kichwani kama wengine wanavyohifadhi mashairi: "Hakuwa mtu wa kudai, na wote waliomkopa aliwasamehe kabla hajaiaga dunia." Niliisoma, nikatokwa na machozi, nikasema ni nzuri, nikalipa. Chini yake tuliandika "Sisi familia".

Kijitabu kiligawiwa siku ya hitma. Siku ya tatu alikuja dukani mteja wa kwanza, amekikunja pale pale kwenye ukurasa wa tatu, akaniambia kwa sauti ya kweli kabisa, "Mwanangu, Mungu amrehemu babako, kumbe alinisamehe na mimi sikujua." Nilikosa la kusema. Ningemwambia nini? Kwamba familia imesema uongo juu ya maiti wake? Baada yake wakaja wengine, na wengine hawakuja kabisa, jambo ambalo kwa upande wa fedha lilikuwa ni lile lile. Yule muuzaji wa jumla aliyekuwa akimdai baba, yeye alikuja mapema sana, kwa kuwa ama hakuletewa kijitabu, ama alikisoma akaona hakimhusu.

Kilichoniumiza zaidi ni mama, ambaye bado alikuwa ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi, akisikia habari hizo kupitia mlangoni. Deni analodaiwa maiti hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, na deni analowadai watu ni mali ya warithi. Kwa hiyo ndani ya daftari lile jeusi mlikuwamo thumuni ya mama yangu, yaani fungu lake la moja ya nane ya urithi, na mimi niliitoa sadaka kwa neno moja, "wote", bila kumuuliza. Tulishauriwa twende mahakamani. Mama alikataa, akasema hawezi kusimama mbele ya hakimu kuthibitisha kwamba mumewe hakuwa mwema kiasi hicho.

Mwandishi mwenyewe nilipomfuata alinijibu kwamba maneno yake yalikuwa "mapambo". Miezi kadhaa baadaye nilikiona kijitabu cha marehemu mwingine, nahodha wa jahazi, na sentensi yangu ilikuwamo humo humo, ila "waliomkopa" imekuwa "waliomkosea". Ami naye alisema hakutamka neno "wote", na ninamwamini, lakini alikuwa ameketi kando yangu wakati nakala ya kwanza inasomwa, na alitikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu anayeonja halwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka uchoke: kila sentensi iwe na mashahidi wawili waliokuwepo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Nilisomeshwa chuoni, yaani madrasa, nikiwa mtoto, nikaikariri vizuri sana, kisha nikaenda kuandika madeni ya baba yangu kwa shahidi mmoja ambaye naye alikuwa akilia.

Michezo nayo ilitaka mashahidi hao hao. Tuliandika kwamba baba alikuwa katika kikosi cha Feisal, timu ya kandanda ya hapa Mombasa, kilichotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1953, maana yake alikuwa bingwa wa taifa akiwa na miaka 12, ilhali Pelé mwenyewe alisubiri hadi 17 kutwaa Kombe la Dunia. Mzee mmoja wa Majengo aliniita barazani baada ya hitma, akanipa kahawa, akasema taratibu, "Babako aliteza, tena aliteza sana, lakini hakuteza Feisal. Aliteza na siye, mtangani, alikuwa golikipa." Akaniuliza kama nakikumbuka kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kilichopinda. Kilivunjwa na mpira siku ya fainali ya mtaa, na hakwenda kukitibu kwa kuwa ilimbidi kufungua duka asubuhi. Kidole kile ndicho nilichokishika kila siku nikipelekwa chuoni, kwa sababu kilikuwa na umbo la ndoano na mkono wa mtoto ulikaa sawasawa. Sikuwahi kuuliza kilikuwaje, na kwenye kijitabu nimeandika "alikuwa baba mwenye mapenzi".

Mtafute mzee wa namna hiyo leo baada ya Isha, tena wawili, na daftari la duka lisomwe na warithi wote kabla ya mwandishi kushika kalamu. Kuhusu picha, mimi niliweka ya pasipoti, na wajukuu wanamwogopa. Kuhusu lugha sina la kukushauri. Nakala mimi nilichapisha mia tatu. Zilizobaki ziko chini ya kitanda, na ukurasa wa tatu nimeuchana katika kila moja.