Orbit ya kwanza ilikuwa na sukari

Wengi hudhani chingamu ya Orbit haijawahi kuwa na sukari. Hapana ndugu, haikuanza bila sukari. Kampuni ya Wrigley iliitoa 1944 Marekani kwa ajili ya raia, kwa sababu malighafi bora zilikuwa haba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na chingamu zake nyingine, Juicy Fruit, Spearmint na Doublemint, zilipelekwa kwa wanajeshi. Ilikuwa chingamu ya kuzibia pengo tu, na vita vilipoisha ikaondolewa. Jina hilo lilirudi Ulaya miaka ya 1970, safari hii likiwa la chingamu isiyo na sukari, na Marekani likafika 2001.

Ule usemi wa matangazo wa "madaktari wa meno wanne kati ya watano" si wa Orbit, ni wa Trident, chapa nyingine ya chingamu. Na tangazo lenyewe lilisema wanapendekeza chingamu isiyo na sukari kwa wagonjwa wao wanaotafuna chingamu. Hilo neno la mwisho watu hulisahau, na ndilo lenye uzito: hawakusema kila mtu aanze kutafuna.

Ukinunua kwa wachuuzi pale stendi ya Kisumu, usidanganywe na ladha ya minti wala rangi ya pakiti. Geuza nyuma usome maandishi madogo: likitangulia neno sukari, weka chini, unatafuta sorbitoli au zailitoli, vitamu vinavyotumika badala ya sukari. Ukishakula, tafuna kwa dakika 20, mate yaongezeke na kupunguza asidi, lakini mswaki uko pale pale. Ukila nyingi tumbo litaendesha, kwa sababu sorbitoli huvuta maji utumboni. Yenye zailitoli usimwachie mbwa kabisa, ni sumu kwake.