Neno "nice" lilivyotuponza kwenye barua ya wakili

Hili lilinifika mwenyewe ndo maana naliandika. Ami yangu alikua na kesi ya mpaka wa kiwanja kule Likoni, akaletewa barua na wakili wake kizungu kitupu, akanipa nimsomee hapo barazani kwa sababu mimi ndo nilosoma. Imeandikwa hoja yetu ya mpaka ni "a nice point". Nikamwambia ami, wakili asema hoja yetu nzuri sana, basi ami akafurahi akatuma halua na kahawa, na jirani alipokuja wiki ile kutaka wagawane zile futi sita za katikati akamkatalia.

Kumbe wakili akisema hivyo amaanisha hoja nyembamba, ya kupimwa kwa makini, yaweza kuangukia upande wowote. Ikaangukia kwa jirani.

Niliumia sana, nikaanza kulifukua hilo neno. Asili yake Kilatini, nescius, yani asiyejua: ne ya kukanusha, scire ni kujua. Likapitia Kifaransa cha zamani kwa maana ya mjinga na likaingia Uingereza hivyo hivyo karibu mwaka 1300, wakati huo ukimwita mtu nice umemtukana. Baadae likawa mtu wa kuchagua chagua, kisha jambo la kutaka umakini, na hii ya "zuri" tulofundishwa shule imekuja karne ya 18 tu. Ile ya umakini haikufa, iko mahakamani mpaka leo. Hata sisi tuna kali, kisu kikali, mwalimu mkali, na vijana sasa wasema ngoma kali wakiisifu.

Kwa hivyo ukisoma barua ya kesi au mkataba ogopa neno rahisi, maana lile gumu utalitafuta tu kwenye kamusi, hili rahisi utalipita mbio. Soma maana zote, usikomee ya kwanza. Na kama barua ni ya mtu mwengine tafadhali usimfasirie kwa kubahatisha, mpigie wakili umuulize wazi, hapa tuna nguvu au hatuna?

Ami hajanilaumu hata siku moja. Bado aniletea barua zake, ila sasa twaketi na wakili yuko kwenye simu, spika imewashwa, nasoma mstari mmoja tu halafu nangoja aeleze na ami asikie mwenyewe.