Mwanangu, daftari kwanza

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Huku hatujambo, alhamdulillah. Mguu wa mama'ko umepungua kuvimba, na mwembe wa uani umezaa mwaka huu mpaka tunagawa kwa majirani.

Umeniandikia kwamba huko Muscat, kila mkikutana kwenye kahawa Ijumaa, mnabishana: Zanzibar ikijitoa kwenye Muungano, kiuchumi tutapata au tutakosa? Unataka kauli yangu kwa kuwa nimeuza na kununua pande zote mbili za bahari tangu ujana wangu. Siku ya tatu leo naifikiria barua yako, na kila nikishika kalamu inanijia ile televisheni.

Mwaka 2001, ulikuwa na miaka minane. Inchi 21, nimeinunua Darajani, ushuru wake umelipwa hapa Unguja na risiti ninayo mfukoni. Tunampelekea shangazi'ko Magomeni. Mama'ko aliifunga kwa shuka yake ya maua mekundu, akaishona pembe zote kwa sindano ya magunia ili isikwaruzike. Tuliposhuka botini Dar es Salaam, kijana mmoja wa ushuru akatoa kisu. Hakufumua uzi, mwanangu, alipasua shuka. Akaitazama risiti, akasema, "Hii ni ya kule, mzee. Hapa unalipa tofauti." Nikamwambia nchi si moja? Akaandika tarakimu kwenye karatasi akanisukumia. Ilikaribia theluthi ya bei niliyonunulia.

Nikakataa. Unakumbuka tulivyokaa juani mpaka boti ya alasiri, tukarudi nayo. Ndiyo ile iliyokaa ukumbini miaka yote, nanyi mkidhani siipendi kwa sababu ya kelele zenu. Shangazi'ko akanunua yake Kariakoo, dukani kwa Mpemba.

Ungeniuliza swali lako siku ile, kabla hujamaliza ningekujibu: tutoke, hata leo.

Sasa hasira imepoa, imebaki hesabu. Kupasua shuka alikosa adabu, lakini hesabu yake haikuwa ya kijinga. Mzigo ulikuwa unakadiriwa chini hapa kuliko kule, naye alidai ile tofauti ya ushuru. Bara wangeacha mlango wazi, nusu ya bidhaa za Dar zingepitia bandari yetu ya Malindi. Na tukitoka, yule kijana haondoki. Anabaki palepale, ila hatalipisha tofauti, atalipisha ushuru kamili, mpaka tuombe wenyewe kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye umoja wake wa forodha ulioanza 2005. Na tukishaingia humo, ushuru wa bidhaa za nje unapangwa kwa pamoja. Ile ndoto ya kuleta mzigo kwa rahisi na kuuvusha Bara inakufia mkononi.

Usidhani nawadharau wanaotaka kutoka. Wana hoja nzito, na nyingine nimezisema mimi mwenyewe barazani. Shilingi ni ya Muungano, benki kuu ni ya Muungano, mikopo ya nje ni mambo ya Muungano. Sisi tunaishi kwa watalii na karafuu, Bara wana dhahabu, pamba na korosho. Shilingi moja haiwezi kuwafaa wote kwa wakati mmoja. Halafu kuna ile asilimia 4.5. Tangu 1994 ndiyo tunayopewa katika misaada ya nje na faida ya benki kuu, na ilipowekwa iliitwa ya muda. Muda gani huo? Wewe umekua, umesoma, umeajiriwa, bado ni ya muda.

Najua utanijibu nini, kwa kuwa nimeshajijibu mwenyewe. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 1.9 kati ya milioni 61.7, kwa hiyo kwa vichwa tungepata pungufu ya hiyo 4.5. Ni kweli. Lakini shirika haligawiwi kwa vichwa, linagawiwa kwa mtaji, na mwaka 1964 walioingia ni wawili. Ndipo ninaporudi kwenye neno langu mnalolichoka: daftari lifunguliwe. Katiba, ibara ya 133, inataka iwepo Akaunti ya Fedha ya Pamoja, kila upande uonekane umetia nini na umetoa nini. Miaka na miaka imebaki kwenye karatasi. Sasa huyu anasema ananyonywa, yule anasema anabebeshwa mzigo, na hakuna hata mmoja mwenye ukurasa wa kumwonyesha mwenzake. Ya duka la Mkunazini sitayarudia, uliyaona. Mimi na ami'ko tuligawana kwa kukisia, na mpaka leo kila mmoja anaamini kadhulumiwa. Pengine ni kweli kwa wote wawili.

Wenzako wanapenda kuitaja Singapore. Ilitoka Malaysia Agosti 1965, kisiwa kidogo, na leo kila mtu anaisifu. Sawa, lakini waulize inapata wapi maji. Mpaka leo mengi inayanunua Johor, jimbo la Malaysia, kwa mkataba wa 1962 uliokuwa umeshatiwa saini kabla ya kuachana. Sisi Johor yetu ni waya wa umeme kutoka Bara, ulio chini ya bahari. Ulipoharibika Disemba 2009 tulikaa gizani mpaka Machi, na hilo hukusimuliwa, ulibeba ndoo za maji kutoka kisimani maana pampu zilikufa. Samaki wa jirani yetu walioza kwenye friza, akauza na friza yenyewe. Waya ule hauna siasa, lakini bei ya umeme wake itajadiliwa na nani, na kwa nguvu gani, siku tukiwa wageni?

Na karafuu usiziweke rehani. Mimi nilikuwepo bei ilipoanguka, baada ya Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa, kupanda zake mpaka zikamtosha. Waliotuokoa wengi wetu ni wale Wapemba walioinuka wakaenda Tanga, Dar na Mwanza wakafungua vijiduka. Hakuna aliyewaomba pasi. Hilo nalo ni la kuandika kwenye daftari, upande wa mapato, na sijaona mtu anayeliandika.

Unaona sasa, nimeanza na shuka iliyopasuliwa na nimefika kuwatetea wenye kisu. Kesho nikipita bandarini nitageuka tena. Mama'ko ananiambia nikupe jibu moja, usinione mzee wa kuzungukazunguka. Jibu ninalo, mwanangu, liko kwenye ncha ya ulimi, na mara mbili nimeliandika hapa nikalifuta. Nikikuambia utalipeleka kahawani, "baba yangu kasema", na baba yako atakuwa kasema kabla hajaona hesabu, jambo ambalo hakuwahi kukuruhusu wewe hata kwa pesa za skuli.

Ile karatasi ya yule kijana bado ninayo kabatini, chini ya vyeti vyenu, pamoja na risiti ya Darajani. Ukija Idi nitakutolea zote mbili.

Baba yako